Matairi ya Kila Njia

Leo kitabu nimekifunga, mnakiona hapo kimelala. Tulikuwa katika mlango wa udhu, na huo udhu tutaurudia juma lijalo, hautukimbii. Nina jambo limenikaa kifuani na nisipolitoa litanisonga. Nitawapa mfano, na mfano wenyewe ni wa matairi ya gari. Naam, matairi. Shekivuli, usicheke, bado hujasikia. Kinamama huko nyuma ya pazia, kama sauti haifiki gongeni ukuta, ingawa kwa nilivyokasirika leo nadhani nitasikika mpaka sokoni.

Palikuwa na kijiji cha milimani, cha baridi na ukungu kama hiki chetu. Chini kilikuwa na barabara ya lami, maduka, shule na msikiti. Juu yake, ukiupandisha mlima, palikuwa na kitongoji cha watu wanaolima viazi na njegere. Kati ya lami na kitongoji kile palikuwa na njia ya udongo mwekundu. Kiangazi unapanda vizuri tu, vumbi linakuingia puani, basi. Masika ikianza, udongo ule unakuwa sabuni, maji yanachimba makorongo katikati, na pana mahali pana kona iliyobanwa, huku mwamba, huku bonde. Njia za namna hiyo mnazijua, sina haja ya kuwachorea.

Sasa huko juu alikuwako mke mmoja kijana. Mimba yake ya kwanza ilitimia, uchungu ukamshika katikati ya masika, wanaume wakamweka kwenye machela kumteremsha. Hawakufika. Mtoto alizaliwa pale kwenye kona, mvua inanyesha, hana pumzi. Aliyempokea ni mama mkwe wa yule mke, bibi mmoja wa makamo. Alivua kanga yake ya juu akamfunika mjukuu wake. Bibi huyu mshikeni vizuri, kwa sababu ndiye aliyeshuka baadaye mpaka kwa wakubwa wa kijiji, akasimama mbele yao akasema, "Mimi sina maneno mengi. Nataka kijiji kiwe na gari."

Na kijiji, tuwape haki yao, kilimsikia. Watu walichanga, wa chini na wa juu. Aliyekosa fedha alileta viazi, aliyekosa viazi alibeba mawe ya kujengea banda la gari. Wakapata gari, pikapu kuukuu lakini injini nzima. Wakaliweka wakfu mbele ya msikiti, watu wanasikia, wakatia nia kwamba gari hili ni la wagonjwa wa kijiji hiki. Nia ilikuwa hiyo. Haikuwa ya maharusi, wala ya wageni, wala ya kubebea mbao za mtu.

Lakini gari lile lilikuja na matairi vipara. Yalikuwa yamelika mpaka ukipitisha kiganja ni kama unapapasa kichwa cha Mzee Mahimbo hapo mbele. Nisamehe mzee wangu, ndivyo yalivyokuwa. Kwa matairi yale gari lisingepanda hata uwanja wa msikiti, achilia mbali mlima. Ikabidi watu waende mjini kununua mapya. Walioteuliwa ni mwenyekiti wa kamati ya gari, na dereva. Bibi akasema na yeye anakwenda.

"Mama," mwenyekiti akamwambia, "matairi ni mambo ya kiufundi."

"Nami nakwenda kuuangalia huo ufundi," bibi akajibu, akapanda.

Basi wakafika dukani. Mwenye duka akawatolea kwanza matairi ya lami, membamba, mistari yake midogo. Dereva akayapenda, maana hayapigi kelele na hayali mafuta. Akatoa ya tope, yana kashata kubwa zimetokeza kama matofali. Dereva akayakataa, akasema kwenye lami gari litatetemeka mpaka mgonjwa azirai. Mwenyekiti naye akayaona mengine kule ukutani yameandikwa maandishi meupe ubavuni, akayatamani hayo, kwa sababu yanaonekana kwa mbali. Mnacheka? Ndivyo tulivyo. Mtu anakwenda kutafuta cha kumwokolea mgonjwa, anaulizia kinachoonekana kwa mbali.

Wakabishana pale mpaka mwenye duka akachoka, akaenda stoo akaviringisha aina nyingine. "Chukueni haya," akasema. "Haya ni ya kila njia. Kwenye lami yanatulia, kwenye changarawe yanashika, kwenye tope yanatema."

Bibi akachuchumaa, akatia kidole katikati ya kashata. "Tope likijaa humu, linatoka lenyewe au tutalichokoa na kijiti?"

"Linatoka, bibi. Tairi likizunguka linalirusha."

"Na ubavu huu ukikutana na jiwe lenye ncha?"

"Ubavu ni mnene. Bibi, nimekwambia ni ya kila njia. Chochote kinachoitwa njia, haya yanapita."

Bibi akasimama, akamwambia mwenyekiti, "Ndiyo haya." Na mwenyekiti, sikatai, alikubali. Wakayanunua, wakayafunga, wakarudi nayo.

Kijiji kizima kikatoka kuyaangalia. Wanaume wanayapiga teke, kama tunavyofanya sisi tukiona gari la mtu, hatujui tunapima nini lakini teke lazima lipigwe. Watoto wanatia vidole kwenye kashata. Mwenyekiti akanunua dawa ya kung'arishia matairi, na dereva akawa anayapaka kila Ijumaa, yanameta, yanakuwa meusi ti, mpaka mtu unaona haya kuyakanyagisha mavi ya mbuzi.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoingia. Kitu kilipopendeza, wakaanza kukionea huruma. Hii ni tabia yetu. Tunanunua kochi, tunalivika vitambaa, halafu tunawafukuza watoto wasilikalie, na sisi wenyewe tunakaa kwenye kigoda. Mwenyekiti akasema, gari hili lisibebe mawe ya mtoni. Watu wakaitikia, sawa. Akasema, wakati wa mvua lisipande juu, matairi yasije yakakatika kabla ya wakati wake. Watu wakaitikia, sawa. Kiangazi likawa linapanda, kiangazi ambapo hata baiskeli inapanda. Masika likawa liko chini. Likabeba maharusi. Likabeba spika za maulidi. Likampokea mgeni rasmi kituo cha basi, akateremka, akayasifu matairi, mwenyekiti akafurahi siku nzima. Yote hayo kwenye lami.

Na wale wa juu waliochanga viazi vyao? Walinyamaza. Mtu wa juu akishuka kwa wa chini huwa anaongea kwa adabu, na sisi wa chini tunaihesabu adabu ile kuwa ni kuridhika. Ni bibi peke yake aliyeuliza. Alikutana na mwenyekiti njia ya sokoni, akamsalimu, akamwambia, "Mwenyekiti, mkwe wangu ana mimba tena. Miezi yake itaangukia masika."

"Alhamdulillahi. Usiwe na wasiwasi mama, gari lipo."

"Najua lipo. Nauliza kama litapanda."

"Siku ikifika tutaona," akasema mwenyekiti, na akamnunulia chumvi, maana hakuwa mtu mchoyo. Bibi akashukuru, akapanda kwao.

Siku ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake bila kukatika. Watu ndiyo kwanza wametoka swala ya alfajiri, mume wa yule mke akashuka mlima anakimbia na kuanguka, akamkuta mwenyekiti barazani kwake anakunywa chai na dereva. Alikuwa tope mpaka kiunoni.

"Mwenyekiti, mke wangu," akasema. "Uchungu umemshika, na damu inatoka. Nyingi."

"Lahaula." Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Mteremsheni upesi. Gari litawangoja hapa kwenye lami, injini inawaka, hamtasubiri hata kidogo."

"Hawezi kubebwa. Tukimtikisa damu inazidi. Ndiyo maana nimelifuata gari."

"Mwanangu, kwa mvua hii? Umeiona njia lakini?"

"Ndiko ninakotoka. Si tulinunua matairi ya kila njia?"

"Ya kila njia, ndiyo, sikatai. Lakini ile ya kwenu wakati wa masika siyo njia. Ile ni korongo."

Mmelisikia jibu hilo? Ile siyo njia. Mtu amesimama mbele yake, ameipita njia hiyo sasa hivi kwa miguu yake, tope lake bado bichi, anaambiwa siyo njia. Walichagua matairi ya kila njia, kisha wakakaa wao wenyewe wakaamua ipi iitwe njia na ipi isiitwe. Na ajabu, zote zilizoitwa njia zilikuwa zinapita milangoni mwao.

Mwenyekiti akaendelea, tena kwa upole, amemshika yule kijana bega. "Nielewe, mwanangu. Gari likikwama huko, nani atalitoa? Likiharibika, kesho akiugua mwingine tutambeba na nini? Hii ni mali ya watu wote. Nitawajibu nini?"

Maneno yamekaa vizuri, siyo? Mtu mzima, mwenye sijda usoni, anazungumza taratibu. Hayo ndiyo yanayoniudhi. Angetukana, ningejua la kumfanya. Na dereva je? Dereva alikuwa na ufunguo mfukoni. Alikuwako dukani siku ile, kila neno la mwenye duka alilisikia. Akamtazama mwenyekiti, akatazama chini, akaanza kukwangua tope kwenye kandambili zake. Angesema tu, "Niachieni nijaribu," mfano wangu ungeishia hapa na ningerudi kwenye udhu. Hakusema. Ukimuuliza leo atakwambia yeye ni dereva tu, mwenye amri ni kamati.

Kijana akapanda tena mlima. Wakatafuta machela, wakamweka, wakaanza kushuka naye. Pale kwenye kona, aliyeshika mbele akateleza, machela ikaenda chini na mgonjwa juu yake, wakamwokota, wakaendelea. Walipofika kwenye lami, asubuhi yote ilikuwa imekwisha. Gari kweli lilikuwepo. Injini ilikuwa inawaka, kama walivyoahidiwa. Na dereva alikuwa ametandika turubai la plastiki kule nyuma, kusudi tope lisiingie kwenye bodi. Wallahi, alitandika turubai.

Wakampakia. Bibi akakaa naye, kichwa chake mapajani. Kutoka hapo mpaka hospitali ni lami tupu, gari lilikwenda laini, halikumtikisa hata mara moja. Lakini damu ilikuwa imemwishia mlimani. Alikata roho kabla hawajafika, na mtoto akafa tumboni mwake.

Naona wengine mmeinamisha vichwa. Viinueni, kwa sababu nilichotaka kuwaambia bado sijakisema.

Habari ikafika kijijini kwamba fulani amefariki. Mwenyekiti akalia, na yale machozi hayakuwa ya uongo. Maduka yakafungwa. Mchele ukatoka, sufuria kubwa zikatoka, watu wakaja ambao hata jina la marehemu walikuwa hawalijui. Na maiti arudishwe juu kwao, aoshwe, asaliwe, azikwe kabla ya magharibi. Mvua je, ilikuwa imekatika? Haikukatika. Njia ilikuwa imetengenezwa? Nani aitengeneze? Ilikuwa ni ile ile ya asubuhi, tena mbaya zaidi, maana ilikuwa imezidi kunyeshewa.

Mwenyekiti akasimama mbele ya watu, akafuta macho, akasema, "Dereva, washa gari. Tunapanda. Hatuwezi kumbeba marehemu kwenye machela kama gunia. Tumpe heshima yake."

Kuna aliyeuliza habari za korongo? Kuna aliyesema, "Mwenyekiti, tutakwama"? Kuna aliyekumbuka mali ya watu wote? Watu waliitikia, "Haki kabisa, apewe heshima yake." Wakalitandika jeneza kitambaa cha kijani, wakalipandisha nyuma, bibi akapanda, wazee wakapanda, vijana wakafuata kwa miguu na kamba, wapate kusukuma gari likikwama.

Halikukwama. Dereva alitia gia ndogo, akaliachia lipande taratibu. Lilifika kwenye korongo, likayumba kidogo, kashata zikauma udongo, likatoka. Lilifika kwenye ile kona, dereva akalibana ukutani mwa mwamba, likapita. Tope lilikuwa linaruka mpaka juu ya paa, vijana kule nyuma wamepakwa usoni, na kamba zao hazikufunguliwa hata fundo. Mzee mmoja mle ndani ya gari, na jeneza liko mbele ya magoti yake, akatikisa kichwa akasema, "Mashaallah. Kweli matairi tulichagua." Na wenzake wakamwitikia.

Wakafika juu. Mwenyekiti akafungua mlango wa nyuma, akamnyooshea bibi mkono amsaidie kushuka. "Pole sana, mama."

Bibi hakuushika. Alikuwa anaangalia chini, kwenye gurudumu. Tope lilikuwa linaachia katikati ya zile kashata, linadondoka pande kwa pande. Akatazama mpaka akatosheka. Kisha akasema, "Kumbe linapanda." Akashuka mwenyewe, akaenda kumwosha mkwe wake.

Basi. Wale wa kwenye mfano nimemalizana nao. Sasa tuje kwetu.

Naam, Mwalimu Kihiyo, nimeuona mkono wako. Sema, sema kwa sauti wasikie. Mwalimu anasema yule mwenyekiti hakuwa na nia mbaya, alikuwa anailinda mali ya wakfu. Nashukuru umesema, maana wapo wengi hapa wanaliwaza hilo na hawana ujasiri wako. Ailinde na nani, mwalimu? Mwizi alikuwa nani? Gari lile lilikuwa la nani, kama si la yule mke aliyekuwa anatokwa na damu? Kwa hiyo tuseme aliilinda mali ya mgonjwa isiguswe na mgonjwa. Wakfu ukinuiwa jambo, ukauzuia usifanye jambo hilo, hata ukiupaka dawa ukameta namna gani, umeuiba. Kwamba umeuibia pale pale mahali pake haipunguzi kitu.

Lakini hata hilo silo lililoniuma zaidi. Nijibuni hili. Wale wawili, yule mke akiwa hai asubuhi na yule yule akiwa maiti mchana, nani kati yao alikuwa na haraka? Nani alikuwa anaumia machela ikiyumba? Maiti angebebwa mabegani taratibu, kona kwa kona, wanaume wanapokezana, na asingedhurika chochote. Mzima ndiye aliyekuwa hawezi kubebwa, na mzima ndiye aliyebebwa. Maiti akapewa gari. Kwa mgonjwa tulikuwa na maswali, njia ikoje, mafuta yako wapi, tukikwama itakuwaje. Kwa maiti hatukuwa na swali hata moja. Na tukaiita heshima.

Sisi ndio hao. Msinitazame hivyo, ni sisi. Tumekuwa hodari wa misiba. Mtu akifa hapa kwetu, kabla mchana haujageuka turubai limefungwa, viti vimepangwa, kuna mtu tayari anakuna nazi. Aliyekuwa hana nauli ya kumtazama akiugua ameipata nauli ya kuja kumzika. Mtu akiwa mgonjwa, habari zake tunazipokea sokoni, tumeshika fungu la nyanya. "Fulani anaendeleaje?" "Yupo yupo." Tunalipa nyanya tunaondoka. Huyo yupo yupo amelala amegeukia ukuta, anahesabu nani amepita na nani hakupita. Vikombe vizuri vya kabatini anaviona kwa mbali, yeye anapewa uji kwenye kopo. Akifa tu kabati linafunguliwa, na wageni wanavinywea chai vikombe vile wakisema marehemu alikuwa mtu wa watu.

Sisemi tusizike. Mtu asitoke hapa akasema sheikh amekataza kuzika. Kuzikana ni haki yetu baina yetu. Lakini kumzuru mtu akiwa mgonjwa, kumpa maji, kumfikisha kwenye dawa, nayo ni haki, na hii haikawizwi, kwa sababu akishakufa hakuna kurudi nyuma kuitimiza. Kaburi litakungoja kidogo. Damu haingoji. Na siku tutakayoulizwa, mnadhani tutaulizwa matairi yetu yalibaki na kashata kiasi gani?

Na hili si la magari peke yake. Wapo hapa wenye elimu, wapo wenye sauti inayosikilizwa ofisini, yupo anayejuana na daktari. Vyote hivyo mmepewa, na mnavitunza vizuri, sikatai, vinameta. Mnavitoa lini? Mkiona msafara wa maiti. Hapo kila mmoja anajuana na mtu, kibali kinapatikana, gari linapatikana, lile lililokuwa haliwezekani jana linawezekana leo baada ya adhuhuri. Kumbe lilikuwa linawezekana. Tulikuwa tunangoja mwenye shida afe kwanza ndipo tumwone kuwa ni mwenzetu.

Haya, mnanijua sipendi kuzunguka. Jana nilipanda kwa Mzee Singano. Hajaonekana msikitini tangu lini, nani anakumbuka? Hakuna. Nilimkuta ameketi ameegemea ukuta, maana akilala hapumui. Miguu imevimba, inashindwa kuingia kwenye viatu. Mkewe, Bi Hadiya, akaniambia, "Sheikh, nilituma salamu msikitini." Nikashuka nikaulizia hizo salamu. Zilifika. Wapo walionijibu, "Ni kweli sheikh, mzee hali yake siyo." Na nikaambiwa kitu kingine, nikajuta kuuliza. Nikaambiwa wapo walioanza kuulizana turubai la misiba liko kwa nani. Mtu anapumua, mnatafuta turubai.

Sitawataja. Wanajijua, na mmoja wao anajifanya anakohoa.

Kaoneka, gari lako nimeliona hapo nje, lina kabichi. Unasemaje? Sikusikii. Kwa Mzee Singano kule, njia nini? Malizia, wenzako wanakusikiliza. Njia nini, Kaoneka?

Nilidhani hivyo. Basi kabichi zishuke, zipangwe hapa barazani, hakuna atakayeziiba. Vijana chukueni majembe na kamba, mtangulie kwenye ule utelezi wa mtoni. Kinamama, blanketi moja zito, na uji kwenye chupa ya chai, mwepesi, wa kunyweka. Mwalimu Kihiyo, wewe unajuana na watu wa hospitali, kaa mbele na Kaoneka na uanze kupiga simu sasa hivi. Mimi nitakaa nyuma. Najua mmezoea nifunge darsa kwa dua kisha mpeane mikono muende zenu. Leo sifungi hapa. Dua tutakwenda kuiomba huko juu, mbele ya Mzee Singano, akiwa anaisikia, na amina aitikie mwenyewe.